Mama wa Jumamosi

Nianze na mkono wa kulia wa Mama, maana wapo watu katikati ya mji wa Arusha walioufahamu mkono huo kabla ya kumfahamu mwenyewe. Haukuwa mkono mkubwa. Ulikuwa mkavu, kiganja kigumu kwa jembe, na ulikuwa na haraka kuliko mdomo wake, ijapokuwa mdomo nao haukuwa mvivu. Muuza nyama mmoja sokoni aliwahi kumfichia mfupa mtupu chini ya nyama nzuri. Tulikuwa tumeshaondoka Mama alipopima mfuko kwa mkono, akasimama, akaufungua, akageuka. Tukarudi mpaka kibandani. Akauchomoa ule mfupa, akamchapa nao shavuni mbele ya wateja wote.

"Umesahau kitu chako," akamwambia.

Bwana yule alibaki ameshika shavu, damu ya ng'ombe inamchuruzika shingoni, na watu wakacheka mpaka wauza mchele wakatoka kuja kuona. Jumamosi iliyofuata tulirudi kwake huyo huyo. Alitukatia nyama safi, akaongeza kipande cha ini, na akamwamkia Mama shikamoo wakati walikuwa rika moja. Mama akaitikia marahaba bila aibu yoyote. Mimi nilikuwa pembeni na kikapu, najivuna kana kwamba nimempiga mimi.

Tuliishi Kikatiti, nyuma kidogo ya barabara ya Moshi. Juma zima Mama alikuwa mke wa Baba: migomba, ng'ombe, kuni, kanisani. Jumamosi alikuwa mtu mwingine. Alivaa kitenge chake cha maua, raba miguuni, na viatu vya kisigino kwenye mfuko. Tukifika Mnara wa Saa anasimama, ananishika bega asianguke, anabadilisha. Kuanzia hapo anatembea katikati ya njia, watu ndio wampishe. "Mjini usitembee kama umepotea," alikuwa akiniambia, "hata kama umepotea." Mimi ndiye niliyechukuliwa kila mara, nikiwa mtoto wa kwanza na wa kiume. Shangazi zangu waliniita mkia. Sikujali hata kidogo. Mkia unakula pilau, wao wanakula makande.

Alinishika kifundo cha mkono, si kiganja. Kiganja huteleza, alisema. Siku moja nilijichomoa nikamfuate mtu aliyekuwa akiuza nyoka wa mpira, na Mama alinitafuta mtaa mzima akiita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Aliponipata alinizaba kofi moja lililonizungusha. Kisha akapiga magoti palepale kwenye vumbi na kitenge chake kizuri, akanikumbatia, akaninunulia sambusa mbili. Mpaka leo nikinusa sambusa shavu la kushoto linapata moto, na sijui ni kwa sababu ya maumivu au ya raha.

Manunuzi yake makubwa yalikuwa ya kugusa. Kulikuwa na duka la vitambaa la bibi mmoja wa Kihindi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mama aliingia kama anakuja kulibomoa. Aligusa jora moja baada ya jingine, akavuta, akanusa, akasugua kwa kidole gumba, akasema hiki kitachuja, hiki ni cha kufunikia maiti. Bibi naye hakuwa wa kuchezewa.

"Wewe mama wewe! Kila wiki gusa, gusa, gusa! Iko siku nitafungia ndani wewe!"

"Nifungie. Nitakula chakula chako mpaka ufilisike."

"Toka duka yangu!"

"Sitoki. Nishushie kile cha juu."

Waligombana hivyo nusu saa, hadi mgeni angetaka polisi waitwe, halafu Mama akanunua uzi wa kushonea na vifungo. Bibi alimsindikiza mlangoni akiwa amemshika mkono. Siku moja nilimsikia akimwuliza kwa sauti ya chini, akitazama jicho la Mama lililovimba chini ya poda, "Tena?" Mama akajibu, "Nilijigonga mlangoni." Bibi akasema, "Hiyo mlango yako ingekuwa yangu, mimi natoa bawaba." Nilielewa. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga.

Baada ya hapo ndipo tulipokula. Hoteli yenyewe ilikuwa uchochoroni karibu na msikiti: mabenchi mawili marefu, meza zenye plastiki ya maua, na mama mmoja Mrangi, mnene, aliyepika pilau ambalo harufu yake ilikupokea kabla hujakunja kona. Nyumbani Mama alikula amesimama jikoni, wa mwisho, akikwangua sufuria. Pale aliketi. Alivua viatu chini ya meza, akaweka viwiko juu yake, akasubiri aletewe. "Na mimi leo naandaliwa," alisema kila wiki, kana kwamba ni habari mpya. Alikula taratibu, pilipili nyingi, jasho likimtoka puani, na alicheka na yule mama Mrangi kicheko kirefu ambacho Kikatiti hakikuwahi kusikika. Nilimpenda sana pale. Nilikuwa nikila polepole makusudi ili sahani isiishe, maana sahani ikiisha tunarudi nyumbani. Kila Jumamosi nilingoja aseme, baba, leo haturudi. Hakusema.

Sasa niseme habari ya mwizi, maana pasipo hiyo hamtamjua.

Kijana mmoja alimchomolea pochi karibu na Soko Kuu. Mama alimdaka kwa mkanda wa suruali, akamwangusha, akampiga na mwavuli mpaka mwavuli ukavunjika, na baada ya hapo akampiga na kilichobaki. Sikio la kijana lilichanika. Pochi ikarudi. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupiga kelele za mwizi, mwizi, na wengine walikuwa wanakuja mbio na mawe, na mwanamume mmoja aliyevaa ovaroli alikuwa anavingirisha tairi kuukuu. Kila mkazi wa mji ule anajua tairi la namna hiyo ni la nini.

Mama akageuka ghafla. Akapanua miguu juu ya yule kijana, mmoja huku mmoja kule, akawanyooshea watu waya za mwavuli.

"Nani ameibiwa hapa? Nimeibiwa mimi. Nimempiga mimi. Kwisha!"

"Mama, sogea! Tunakusaidia wewe!" akasema mwenye tairi.

"Kama unataka kunisaidia, nibebee viazi vyangu."

"Kesho ataiba tena huyu!"

"Kesho nitampiga tena. Wewe amekuibia nini?"

Jiwe likamlenga kijana likampata Mama begani. Nilisikia lilivyotua, kama gogo linavyoangushwa kwenye udongo. Hakusogea. Lingine likapita karibu na kichwa changu. Ni yule bibi wa Kihindi aliyefungua geti la duka lake, na Mama akamburuza kijana ndani kwa kola, na mimi nyuma yao, na geti likafungwa, na mawe yakawa yanagonga vyuma. Kijana alikuwa analia akimwita mama yake. Mama akamtazama, akamzaba kofi la mwisho.

"Pita mlango wa nyuma. Nikikuona tena nitakuua mwenyewe, siwaachii hawa."

Kisha akanunua vifungo. Halafu tukaenda kula pilau, bega lake limevimba hata mkono hauinuki, na yule mama Mrangi akamletea kijiko, na Mama akala mpaka akamaliza.

Jioni Baba aliliona bega. Niseme juu ya Baba kwa haki: hakuwa mlevi. Laiti angekuwa mlevi tungekuwa na kitu cha kulaumu. Alikuwa mtu mpole wa sauti ya chini, anayesalimia hadi watoto, anayepanda miti kwenye vyanzo vya maji, na alimpiga mke wake kama mtu anavyorekebisha uzio. Alimgeuza Mama kwenye mwanga wa mlango, akalitazama lile bega kwa makini.

"Nani amekupiga?"

"Ni jiwe. Watu walikuwa wanamrushia mwizi."

"Nani mwingine anakupiga?" akauliza Baba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeibiwa.

Akampiga kwenye bega lile lile. Mama hakuinua mkono. Yule aliyesimama mbele ya mawe ya Soko Kuu alijikunja karibu na mtungi wa maji, akanifanyia ishara kwa macho nitoke nje. Nilimchukia Baba usiku ule, na kwa muda, lazima niseme, nilimchukia na Mama.

Baadaye ndipo nilipoweza kumwuliza. Tulikuwa mezani pale pale hotelini, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kubeba kikapu kikijaa.

"Mama, mbona yeye humpigi?"

Alitafuna kwanza, akameza. "Mtu wa barabarani nikimpiga, naenda zangu. Baba yako nikimpiga, naenda wapi?"

Nilikuwa na majibu mengi kichwani. Sikuyatoa, maana mkono wake ulikuwa karibu.

Na msidhani alimsema vibaya mumewe, au aliruhusu asemwe. Mjomba, kaka yake, alikuja mara moja kutoka Machame kumchukua, akasema hadharani kwamba shemeji yake ni mnyama. Mama alimfukuza kwa kijinga cha moto hadi barabarani, akimwambia aende akatazame mke wake mwenyewe. Mjomba aliunguzwa koti. Hakurudi tena.

Kilichombakiza kwa Baba kila mara kilikuwa jani. Wasomaji wa pande zetu wanalijua isale. Ni mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani, Uchaggani kwao Mama na Umeruni kwa Baba vilevile. Mtu akikukosea, akaja na wazee, akakuwekea mkononi isale lililofungwa fundo, hukatai. Unalifungua fundo, na kosa limeisha, mnarudi mlivyokuwa. Mwenye kulikataa amejitenga na waliokufa na walio hai, na balaa likimpata hakuna wa kumlilia. Baba alifahamu hilo barabara. Alipiga, akangoja uvimbe ushuke, akamwendea baba mkubwa, na wazee wakaja wamevaa makoti yao, wakakaa, wakanywa, wakamwekea Mama jani mkononi. Naye akafungua. Nikiwa mtoto nilidhani yale masale mpakani yamepandwa kwa ajili ya kazi hiyo tu, na nilikuwa nikiyapiga kwa fimbo nikitoka shule. Yanachipua upesi sana.

Mwisho ulianzia kwenye Jumamosi zenyewe. Mtu alimpelekea Baba maneno kwamba mkewe anakaa hotelini mjini, amevua viatu, anacheka. Baba akavichoma vile viatu vya kisigino pamoja na kitenge, akamwambia mjini basi. Jumamosi ikafika, Mama akavaa kanga na raba, akanishika kifundo cha mkono ingawa nilikuwa nimeshampita urefu, tukaenda. Aligusa vitambaa. Alikula pilau. Hakucheka.

Baba alikuwa anatungoja uani na panga. Alilitumia bapa, si makali, na najua watu wa ukoo wamelisema hilo mara nyingi kama utetezi. Alimpiga kwenye vidole vilivyoshika kikapu, na nilisikia vikivunjika. Viazi vikatawanyika. Nikaingia kati. Sikuwa na ujasiri wowote, mwili uliingia wenyewe. Baba akanipiga mdomoni kwa mpini, na nikatema jino pamoja na damu kwenye viatu vyake.

Mama akatazama lile jino. Mchi ulikuwa kwenye kinu, akauchukua kwa mkono wa kushoto, ule ambao sijawahi kumwona akipigia mtu, na akamtandika Baba begani kwa nguvu zake zote. Mlio wake siwezi kuuandika. Baba alikaa chini polepole kama mtu aliyeambiwa karibu kiti. Mama akainua mchi mara ya pili, na kwa kitambo niliona kabisa kwamba atamuua, na nilitaka amuue. Akauteremsha.

"Mletee baba yako maji," akaniambia. Akakichukua kikapu kilichobaki na viazi vichache, akaelekea barabarani na raba zake, vidole vinaning'inia. Hakugeuka.

Alipanga chumba Moshono, akawa anapika vitumbua na kuviuza asubuhi. Vidole viliunga vibaya, viwili vimepinda kuelekea kiganja, na kofi lake halikuwa tena kama zamani. Baba naye hakuweza tena kuinua mkono wake wa kulia, wa bega lile, kupita sikio. Nilikua, nikawa fundi umeme, nikahamia mjini, na Jumamosi tukaendelea kukutana kwenye ile hoteli.

Lakini kwa miaka hiyo yote Mama alikuwa anakimbia. Wazee walikuja Moshono na isale tena na tena. Yeye alikuwa amewaambia majirani wampigie simu wakiona makoti. Akipigiwa, anatoka kwa mlango wa uani, anapita kwenye mahindi ya watu, haonekani hadi giza. Jani ambalo mtu hajaliona hajalikataa: hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake. Kanisani aliwahi kujifungia chooni ibada nzima. Mwanamke aliyempiga muuza nyama kwa mfupa alikuwa anakimbia jani, na nilicheka nikisikia, ila nilijua anachokimbia. Wakimshika na lile jani mkononi, atalifungua. Akilifungua, atarudi kule, kwa yule mwanamume ambaye bado ana mkono mmoja mzima.

Wazee si wajinga. Mwaka jana baba mkubwa aliniita Kikatiti. Baba alikuwa amekaa uani, amekonda, blanketi magotini. Ni yeye aliyenipa isale lenye fundo kwa mkono wa kushoto, limefungwa kwenye gazeti.

"Wewe hatakukimbia," akasema kwa ile sauti yake ya chini.

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilinikera. Kulitupa lile jani nisingeweza. Mimi ni mtoto wao wote wawili, na naogopa vitu vile vile wanavyoviogopa.

Jumamosi hiyo nilimwacha Mama ale kwanza. Mama Mrangi amezeeka, sasa anapika binti yake, lakini pilau ni lile lile. Mama alikuwa amevua viatu chini ya meza. Alinisimulia mteja aliyemrudishia kitumbua alichokwisha kukiuma, na namna alivyomsokomezea hicho hicho mdomoni. Aliponawa mikono nikaweka gazeti mezani, nikalifungua.

Alilitazama. Kisha akanizaba kofi. Vidole vile vilivyopinda vilinipata na mifupa yake, na binti wa mama Mrangi akasimama na upawa mkononi.

"Wamekutuma wewe," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Wewe."

"Walijua hutanikimbia, Mama."

"Amekuwaje?"

"Amekonda. Hapigi tena mtu."

"Kwa kuwa hana wa kumpiga." Alijipangusa uso kwa kanga. Akalichukua isale, akalishika muda mrefu, na mimi nikaona vyote: chumba cha Moshono kimefungwa, migomba, yeye amesimama jikoni anakwangua sufuria. Nilitaka kumpokonya nilichane. Sikuthubutu.

Vidole vilikataa, akalifungua fundo kwa meno.

"Nimemsamehe," akasema. "Mwambie limefunguka. Sina kitu naye."

"Basi nikupeleke lini?" nikauliza.

Alilinyoosha lile jani juu ya plastiki ya maua, akalipangusa mafuta ya pilau. Halafu akalipinda upya, akashika ncha moja kwa meno, akavuta nyingine kwa mkono wake mzima, akakaza fundo mpaka likalia. Akalirudisha kwenye gazeti, akanisukumia.

"Hili sasa ni langu. Nenda na baba yako mkubwa, mvae makoti, mkae vizuri, mmwekee mkononi. Mwambie nimemkosea."

"Kwa lile bega?"

"Bega nilimpiga kwa haki." Aliingiza miguu kwenye viatu. "Mwambie sirudi, na ninamwomba anisamehe."